Bahari si Buluu ya Kufulia

Mwaka huu sikuletei shairi wala kisa cha ndoa ya kulazimishwa, maana wenzangu wameandika hizo za kutosha. Nataka kueleza namna ya kupiga picha ya bahari shwari, rangi zake zikabaki jinsi zilivyo. Yamkini unasema, "Aa! Hilo nalo lahitaji kuelezwa? Si unatoa simu tu unabonyeza?" Hata mimi nilidhani hivyo.

Likizo ya Desemba nilikwenda na simu ya mama hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi. (Mwalimu wa zamu asishtuke, simu hiyo haijawahi kuvuka lango la shule.) Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Picha ilitoka imepauka, basi nikaingia penye kuongeza rangi nikaongeza, nikaongeza tena, hadi minazi ikawa kama kasuku. Nikampelekea Babu. Babu alivua samaki kwenye mwamba ule miaka mingi, lakini sasa magoti hayamfikishi tena mchangani, na ndiye aliyenituma nimletee bahari aione. Aliishika simu mbali, akaisogeza karibu, akauliza, "Hini bahari gani, mjukuu wangu?"

"Ni ya Bamburi, Babu."

"La. Hini ni buluu ya kufulia."

Ndugu zangu waliangua kicheko. Mimi niliona haya, si haba. Tangu siku hiyo nikaanza kulichunguza jambo hili.

Kwanza tuulize, bahari ina rangi gani? Ukiyachota maji yake kwa kata hayana rangi. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na maji hufyonza nyekundu upesi kuliko samawati. Kwa hivyo penye kina kirefu, nuru inayorudi machoni ni ya samawati. Penye kina kifupi juu ya mchanga mweupe hurudi kijani chepesi, na penye mwani huonekana hudhurungi. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Uso wa maji ni kioo pia. Ukitazama maji yaliyo miguuni pako unaona chini, ila ukitazama yaliyo mbali, macho huyapiga kwa mshazari na unachoona hasa ni mbingu. Ndiyo maana bahari iliyotulia huvaa rangi ya mbingu, na mbingu ya alfajiri, bwana, si buluu hata kidogo! Ni kijivu, ni rangi ya lulu, na wekundu hafifu kama wa ndani ya kombe.

Kwa hivyo jambo kubwa ni saa, wala si simu ya bei ghali. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya bahari, ikiwa na joto zaidi, hupanda, na ile baridi ya bara huteremka kuelekea baharini kushika nafasi yake. Upepo huo wavuvi huuita umande. Kwa kuwa unatoka bara, pale karibu na ufuo haujapata masafa ya kuinua mawimbi, na maji hulala kama shuka iliyopigwa pasi. Mwamba nao husaidia, kwani mawimbi makubwa huvunjikia huko nje. Jua likishapanda na nchi ikapata moto, upepo hugeuka ukatoka baharini, basi kwisha habari.

Hapa Mombasa jua huchomoza karibu saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili na nusu, kutegemea mwezi. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda wima, kwa hivyo zile rangi za macheo hazikai. Una dakika 20 hivi. Ukikawia kutafuta kandambili, umekosa.

Je, jioni? Wengi hugeuka kulipiga jua linakotua, nyuma ya minazi na nguzo za stima. Mimi nasema walipe mgongo! Bahari yetu iko mashariki. Jua likishazama nyuma yako, tazama juu ya maji: utaona utepe wa kijivu ukipanda kutoka upeo wa macho, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa kijivu ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia hewa. Nilipoambiwa hivyo sikuamini mpaka nilipokwenda kuutazama ukipanda.

Aidha, kuna mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa na nguvu. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na bahari huonekana kama imesinzia. Kuhusu majira, kaskazi ya Desemba hadi Machi ina utulivu kuliko kusi, kwani kusi ikipamba moto maji huvurugika na mwani hujaa ufuoni.

Sasa tuje kwa simu. Simu ina ujuaji mwingi. Ikiona alfajiri ina giza, huiongezea mwangaza hadi rangi hafifu zinafutika. Gusa kioo chake penye mbingu, kisha uteremshe ile alama ya jua kidogo. Pia hudhani waridi wa macheo ni kosa la taa, ikausahihisha. Kama ina sehemu ya kujipangia mwenyewe, chagua mwanga wa jua, kama kelvini 5500, uiache hapo. Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba kwa sababu chumvi ya hewani huleta ukungu. Mwanga ukiwa mdogo mkono hutetemeka, kwa hivyo mimi huiegemeza simu juu ya dau lililopinduliwa. Upeo wa macho uwe sawasawa, maana bahari iliyoinama kama itamwagika haina utulivu wowote.

Shida ya kupatanisha mbingu na bahari ni ya zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray aliona kuwa vioo vya picha vya wakati wake viliidaka mno rangi ya buluu, mbingu ikatoka nyeupe tupu kabla bahari haijatoka vizuri. Akapiga mbingu peke yake na bahari peke yake, kisha akaunganisha negativu mbili katika karatasi moja. Hata mbingu moja aliitumia kwa zaidi ya bahari moja! Simu nyingi za leo hufanya jambo la jinsi hiyo kwa kufumba na kufumbua: hupiga picha kadhaa na kuziunganisha. Tofauti ni kuwa Le Gray aliamua mwenyewe, na simu hukuamulia. Penye kitufe cha kuizima tabia hiyo, mimi huizima.

Basi nilisubiri hadi mwezi ulipokuwa nusu, nikaamka saa kumi na moja nikaenda na kaka yangu. Maji yalikuwa kijivu, mbingu kijivu, na mstari mwembamba wa waridi katikati. Mbele yetu ngalawa moja imetia nanga. Nilipiga picha tatu, sikuongeza rangi yoyote. Kusema kweli, nilipozitazama kwenye daladala ya kurudi, hapana, kwenye matatu (nimezoea Kiswahili cha redio ya Tanzania), niliziona baridi, nikahofia Babu atasema sikupiga kitu.

Babu aliishika simu muda mrefu. Hakucheka.

"Maji mafu haya," alisema. "Na umande ulikuwa wavuma bado. Huoni ngalawa imeelekeza omo bara?"

Mimi sikuwa nimeuona huo upepo. Nilichukua simu nikatazama tena, na kweli, omo ilikuwa imeelekea bara.