Ng'ombe Ameibwa, Mwenyewe Ameibiwa

Huko Mtinko, katika nchi ya Wanyaturu mkoani Singida, ng'ombe ni mali kubwa, na anayeleta shauri la wizi yampasa kuchagua maneno yake. Kitenzi *kuiba* chahusu watatu: mwivi, mali, na yule aliyepotewa na mali. Mwivi ameiba, ng'ombe ameibwa, mwenye ng'ombe ameibiwa. Herufi moja tu, *i*, yatenga mali na mwenyewe. Nayo si ndogo: "mtoto ameibwa", basi na atafutwe porini, "mtoto ameibiwa", yeye yupo nyumbani, kilichopotea ni kitu chake.

Siku hizi wengi husema "ng'ombe ameibiwa", na maana yao hufahamika. Wala si haki kuwacheka. Lakini mwandishi wa baraza na aandike "ameibwa", maana ng'ombe hana mali.

Yule aliyeingizwa kwa kiungo hiki hakutenda neno. Limemfikia tu, liwe la heri au la hasara. "Amempikia mzee" ni wema, "amemwibia mzee" ni uovu, na umbo ni lile lile. Maana ya kitenzi ndiyo iamuayo. Ajabu zaidi ni *kufa*, kitenzi kisichohitaji ila yule afaye. Hata hivyo twasema, "mzee amefiwa na mkewe", na mzee yu hai.

Tena kiungo hicho hicho hupokea chombo na mahali: kisu cha kuchinjia, uwanja wa kuchinjia.