Hakuna jeni moja, lakini hilo halimaanishi watu huchagua

Mapema 2014, kabla ya kutia saini sheria dhidi ya ushoga, Rais Yoweri Museveni wa Uganda aliwauliza wanasayansi wa nchi yake: mtu huzaliwa hivyo, au hujifunza? Walimjibu kwamba haijapatikana jeni moja inayosababisha hali hiyo, na kwamba si ugonjwa. Wanasiasa wakashika lile la jeni, wakahitimisha kuwa ni tabia ya kujitakia. Februari 24 sheria ikasainiwa.

Hitimisho hilo lilikuwa potofu. Jeni moja ya mashoto nayo haijapatikana, na hakuna anayesema mtoto alikaa akachagua mkono wa kushoto.

Utafiti mkubwa kuliko zote kuhusu vinasaba na ushoga ulichapishwa 2019 katika jarida la Science, ukihusisha karibu watu 500,000, wengi wao Waingereza na Wamarekani. Ulibaini sehemu tano za vinasaba zenye uhusiano na jambo hili, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana. Tofauti zote za vinasaba zikijumlishwa, zinaeleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti kati ya watu. Lakini washiriki waliulizwa kama wamewahi kulala na mtu wa jinsia yao, na hilo ni tendo. Anayevutiwa bila kuthubutu hakuhesabiwa.

Asilimia zinazobaki ndizo zinazopotosha wengi. Kwa mtaalamu wa vinasaba, kila kisicho jeni huitwa mazingira, hata tumbo la mama. Nchini Canada, Ray Blanchard na Anthony Bogaert waligundua kwamba kila kaka mkubwa wa tumbo moja huongeza kwa takriban theluthi moja uwezekano wa mdogo wake wa kiume kuwa shoga. Kaka wa kambo au wa kuasiliwa hawana athari hiyo. Kaka wa tumbo moja anayo hata akilelewa mbali. Baadaye, damu ya akina mama wenye wana mashoga ilikutwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya protini ya ubongo wa kijusi cha kiume. Hata hivyo, wavulana wengi wenye kaka wakubwa huvutiwa na wanawake.

Mtu huchagua kuoa, kuficha au kusema. Mvuto wenyewe haumsubiri aamue. Mwaka 2015 Akademia ya Sayansi ya Afrika Kusini, ikiungwa mkono na ile ya Uganda, ilipitia tafiti zilizokuwapo na haikuona ushahidi kwamba tiba yoyote inaweza kuubadili.