Jinsi ya kujizoeza kupiga picha za nchi yetu, Kasongo na Kabambare



Mtu aliye mbali akisikia habari za kusini mwa Maniema, mara nyingi anasikia habari za silaha, za watu wanaokimbia vijiji na za machimbo ya dhahabu. Mambo hayo yapo, wala hatuyafichi. Lakini mto Lualaba wakati wa alfajiri, mashamba ya mpunga yanapoiva, bonde la Luama baada ya mvua, hayo nayo yapo, na anayeyaona kila siku ni sisi tunaokaa hapa. Inafaa sisi wenyewe tuyaonyeshe.

Shida ni kwamba picha nyingi tunazotumiana kutoka parokia zetu hazionyeshi kile macho yaliona. Mbingu imekuwa nyeupe tupu, mlima umekuwa mdogo kama kichuguu, mto umelala upande kama utamwagika. Kosa si la simu. Tunakosa mazoezi. Basi hapa tunaeleza namna ya kujizoeza, hata kwa mtu asiye na kitu kingine ila simu yake.

Chagua mahali pamoja, urudi pale pale

Wengi wanafikiri kwamba ili kupata picha nzuri lazima wasafiri mbali. Sivyo. Chagua mahali pamoja ambapo unaweza kufika kwa miguu: kilima karibu na kanisa, njia ya shambani, ukingo wa mto. Rudi hapo kwa majuma manne, mara mbili au tatu kila juma. Ukibadilisha mahali kila siku, hutajua kama picha imekuwa nzuri kwa sababu yako au kwa sababu ya mahali. Ukirudi pale pale, kinachobadilika ni mwanga, hali ya hewa na namna yako ya kutazama. Hapo ndipo unajifunza.

Juma la kwanza: mwanga

Kasongo iko karibu nyuzi nne na nusu kusini ya ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili jioni, nalo linapanda haraka. Saa moja tu baada ya kutoka limekwisha kupanda nyuzi kama kumi na tano. Mwanga ule laini wa asubuhi, unaolaza vivuli virefu na kuonyesha kila bonde na kila tuta, haukai sana.

Saa sita mchana ni kinyume. Jua liko karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya vichwa vyetu kabisa. Vivuli vinakuwa vifupi, na nchi inaonekana kama ubao.

Zoezi ni hili: siku moja, simama mahali pako, upige picha ile ile mara tatu, yaani jua likitoka, saa sita mchana, na kabla jua halijatua. Ziweke pamoja uzilinganishe. Utaelewa jambo ambalo maneno yetu hayawezi kukufundisha.

Juma la pili: kupanga picha

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole na vumbi la pikipiki huleta ukungu kwenye picha nyingi kuliko tunavyodhani.

Pili, weka mistari ya kusaidia kwenye kioo cha simu. Simu nyingi zinayo ndani ya mipangilio ya kamera. Mstari wa mbingu na nchi uwe sawa, usipinde. Kama mbingu ina mawingu mazuri, ipe nafasi kubwa. Kama haina kitu, ipe kidogo, nafasi kubwa uipe nchi.

Tatu, tafuta kitu cha karibu: jiwe, mtumbwi uliofungwa, mche wa muhogo. Jicho liwe na mahali pa kuanzia, kisha liende mbali polepole. Bila kitu cha karibu, mlima mkubwa hauna wa kuupima, nao unaonekana mdogo.

Nne, usivute picha kwa vidole ili kuleta kitu karibu. Simu nyingi hapo zinakata picha tu na kuiharibu. Tembea kwa miguu yako ukisogelee kitu hicho.

Juma la tatu: hali ya hewa

Wakati wa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa hujaa hewani na vilima vya mbali hufifia. Wakati huo piga vitu vya karibu, au tumia moshi wenyewe asubuhi, maana unatenga kilima na kilima kingine. Mvua ikiisha kunyesha, hewa husafishika. Toka mara moja. Mbali kutaonekana kama karibu.

Mbingu inapong'aa sana, gusa sehemu ya mbingu kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwanga kidogo. Sehemu yenye giza inaweza kuongezewa mwanga baadaye. Mbingu iliyoungua ikawa nyeupe, hairudi tena.

Juma la nne: kupunguza na kuulizwa

Nenda mahali pako, upige picha tano tu, si hamsini. Utalazimika kutazama kwanza. Kati ya hizo tano chagua moja, uionyeshe kwa mama au mzee wa kijiji bila kusema neno. Muulize: "Ni wapi hapa? Ni saa ngapi?" Akijibu, picha imesema. Asipojibu, rudi. Vijana wa kanisa wanaweza kufanya zoezi hili kwa kikundi baada ya ibada, kila mmoja na picha yake.

Picha ni ushahidi

Sisi Waprotestanti wa Kongo tuna historia katika jambo hili. Mwaka 1904, Alice Seeley Harris, mmisionari wa Congo Balolo Mission huko Baringa, alipiga picha za watu walioteswa kwa ajili ya mpira chini ya utawala wa Léopold II. Picha zake zilionyeshwa Ulaya na Marekani, na watu waliokataa kuamini maneno wakaona.

Picha ya mandhari nayo inaweza kushuhudia. Picha ya korongo lililo karibu na kanisa, ikipigwa mahali pale pale kila mwezi, itaonyesha udongo umeliwa kiasi gani. Picha ya ukingo wa mto itaonyesha maji yalifika wapi, na picha ya msitu itaonyesha ulikatwa mpaka wapi. Kwa hiyo andika tarehe, saa na jina la mahali. Usiongeze rangi ambazo hazikuwako. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa. Nakala nyingine iweke nje ya simu. Simu huibwa, na huanguka majini.

Tuwe na hekima

Usipige kambi za askari, vizuizi vya barabarani, kiwanja cha ndege, madaraja wala machimbo. Picha moja tu inaweza kukuletea kesi, au kuhatarisha kijiji kizima. Ukifika kijiji kisicho chako, jitambulishe kwanza kwa chifu. Mahali walipojificha ndugu waliokimbia, usipige picha wala usitaje jina la mahali. Zima pia alama ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu inaonyesha pale uliposimama. Picha nzuri haina thamani kuliko maisha ya mtu mmoja.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, kinatuonyesha Mungu akiumba na kuitazama kazi yake, siku baada ya siku. Yeye aliyeifanya hakuona kazi ndogo kuitazama. Sisi tuliopewa kukaa juu ya nchi hii, tuitazame nasi kwa uvumilivu, tuionyeshe kama ilivyo.

Bwana awabariki.