Ganzi ya vidole viwili: uliza kisugudi kwanza

Ukigonga kisugudi kwenye pembe ya meza, shoti hupita mpaka kidole kidogo. Hiyo ni kazi ya ulna, mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa wa ndani wa kisugudi, karibu kabisa na ngozi. Ukibanwa hapo, kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi. Baadaye hata kufunga kifungo cha kanzu huwa taabu.

Kwa wengi sababu ni kuegemea kisugudi au kulala mkono umekunjwa. Hao huambiwa waache kuegemea, na usiku wafunge taulo mkononi usikunjike. Hapa kwetu husemwa ni baridi au jini, mkono ukasingwa mafuta, basi.

Lakini ziko sababu zisizozoeleka. Mtoto huanguka mwembeni, akavunjika upande wa nje wa kisugudi, akakandwa nyumbani na mfupa ukaunga vibaya. Mkono hukua umepinda kwenda nje, mshipa ukivutwa kidogo kidogo. Ganzi huja miaka 20 baadaye au zaidi, wakati hata mamake ameshausahau ule mwembe. Daktari Panas wa Ufaransa aliieleza hali hii mwaka 1878. Wengine wamezaliwa na msuli wa ziada hapo, au wameota kivimbe cha majimaji kwenye kiungo. Daktari wa upasuaji huondoa kinachobana, au huuhamisha mshipa mbele ya mfupa.

Ninaouogopa zaidi ni ukoma. Viini vyake huupenda mshipa huu, ukavimba mpaka ukishika nyuma ya kisugudi unauhisi kama kamba. Wengi huwa pia na baka la ngozi lisilohisi. Watu wakisikia ukoma husema laana, mgonjwa akafichwa chumbani. Dua isomwe, lakini Mtume (SAW) alituamrisha pia tujitibu. Dawa ni za miezi 6 au 12, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani huzitoa bure. Mshipa ulioanza kudhoofika huongezewa prednisolone, na matumaini ni makubwa zaidi ikiwa udhaifu haujapita miezi 6. Ukichelewa, vidole hujikunja visinyooke tena, na mtu huungua jikoni asijue.

Kwa hivyo ukienda hospitali usionyeshe vidole peke yake. Nyoosha mikono yote miwili ilinganishwe, taja ulivunjika lini, na umwombe daktari ashike nyuma ya kisugudi na akague ngozi.