Kama Onyesonwu angetokea Beni, nani angempokea?

Tangu Oktoba 2014, wakaaji wa Beni wamezika watu wengi mno kwa sababu ya mauaji ya raia. Mtu anaweza kuuliza: msichana wa Beni au Butembo, ambaye amesikia milio ya risasi usiku, afungue kitabu cha uchawi na damu akitafuta nini?

Riwaya ya Who Fears Death inastahili kusomwa na swali hilo kichwani. Iliandikwa na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ikatoka mwaka 2010 na kupata tuzo ya World Fantasy mwaka 2011. Ipo pia kwa Kifaransa, lugha ya masomo yetu, kwa jina Qui a peur de la mort ?

Okorafor aliguswa na habari ya gazeti la Washington Post ya mwaka 2004, kuhusu ubakaji uliotumiwa kama silaha huko Darfur, Sudan. Shujaa wake, Onyesonwu, amezaliwa jangwani na mama aliyebakwa vitani. Watoto wa namna hiyo wanaitwa Ewu, na watu wanaamini kwamba aliyezaliwa kwa ukatili atakuwa mkatili. Ana nguvu za kujigeuza ndege, lakini mganga Aro anakataa kumfundisha kwa sababu ni msichana. Akiwa na miaka 11 anajipeleka mwenyewe kukeketwa, akitumaini kuwaondolea wazazi wake aibu. Ukeketaji si desturi ya Wanande, na msomaji wa huku atashtuka. Lakini mtoto anayetaka kulipia aibu ambayo si yake hahitaji kuelezewa kwa mtu wa Lubero.

Adui mkubwa wa kitabu hicho ni mchawi mwenye jeshi. Kwangu mimi, kurasa zenye kutisha zaidi ni zile za majirani: wale wanaonunua sokoni pamoja na Onyesonwu, wanajua jina lake, na bado hawataki apite karibu na watoto wao.

Hapo ndipo hadithi inapofika kwetu. Mwaka 2017 shirika la Child Soldiers International lilitoa ripoti kuhusu wasichana waliopitia makundi yenye silaha mashariki mwa Congo. Walikadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya watoto wote waliokuwa katika makundi hayo, lakini kati ya waliotolewa rasmi walikuwa asilimia 7 tu. Wengi walitekwa. Wengine walijiunga wenyewe, wakitafuta ulinzi au kwa kuwa nyumbani hapakuwa na pesa ya masomo. Kwa Wamaimai, ambao wanaamini maji ya dawa yanazuia risasi, kuna wasichana wadogo waliopewa kazi ya hiyo dawa, kwa sababu ilidhaniwa kwamba inamtaka bikira.

Kisha wanarudi nyumbani. Waliohojiwa walisimulia kutukanwa, kuitwa wake za waasi, kukatazwa kucheza na wenzao. Mvulana akitoka msituni huogopwa. Msichana huonekana ameharibika, na kama ana mtoto mgongoni ni vibaya zaidi. Kuna waliorudi msituni kwa sababu hiyo.

Walichoomba zaidi ni shule. Si kwa ajili ya kazi tu: walisema mwanafunzi huheshimiwa, na majirani wakimwona na daftari wataanza kumtazama kwa jicho lingine.

Onyesonwu naye anarudi mara kadhaa mlangoni kwa Aro, anafukuzwa, anarudi tena, hadi mzee anakubali. Kwetu, shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019. Ya sekondari bado inalipiwa. Msichana anayetoka msituni na miaka 15 anakuta wenzake wa rika lake wako huko, na kwao ni yule baba asiyetaka hata kula naye anayetakiwa kulipa.