Ng'ombe Anaungua Mabaka Meupe Tu? Tazama Ini, Kisha Tazama Uzio



Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu ana wasiwasi kweli. Mtamba wake wa Friesian, mwenye mimba, aliyemnunua kwa mkopo, hataki kutoka kivulini. Macho yanatoa machozi na juani anayafumba. Ngozi inavimba na kuchunika. "Afisa, hii si mapele ngozi?" Jirani naye kasema ni dawa ya kuogeshea imemuunguza.

Nikamuuliza kitu kimoja: mabaka meusi yakoje? Akaenda kuangalia. Mazima kabisa! Zilizoungua ni sehemu nyeupe tu, na chuchu.

Hapo ndipo jibu lilipo. Mapele ngozi hayachagui rangi, wala dawa haichagui. Mwanga unachagua, maana ngozi nyeusi inajikinga.

Sasa kwa nini jua la kila siku limuunguze leo? Miaka ya 1930, kule Onderstepoort, Afrika Kusini, watafiti Quin na Rimington walichunguza kondoo waliokuwa wakivimba nyuso na kugeuka njano. Ni hivi: mnyama akila majani, vijidudu vya tumboni huivunja ile kijani ya majani, ikatoka kitu kinachoitwa filoeritrini. Ini zima hukitoa kupitia nyongo, mambo yanaisha. Ini likiumia, kinabaki kwenye damu mpaka kinafika kwenye ngozi. Mwanga ukikipiga, kinaunguza.

Kwa hiyo ngozi inaonyesha tu. Anayeumwa ni ini. Nani kaliumiza? Nikaomba picha ya uzio. Lantana tupu! Maua yanapendeza, ila majani yake ni sumu ya ini. Ng'ombe aliyeshiba huyakwepa. Kiangazi njaa ikibana, hasa kwa ng'ombe mgeni, anayala.

Ukiona dalili hizi:

- Mwingize kwenye banda lenye giza mara moja. Kivuli cha mti hakitoshi.
- Mtenge na lantana. Mpe majani makavu na maji. Majani mabichi yanaongeza ile kijani.
- Angalia ufizi na weupe wa macho. Ukiona njano, ini limeguswa.
- Ita daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Lantana inalegeza tumbo, hivyo sumu iliyobaki humo inaendelea kuingia mwilini hata kama ameshaacha kuila. Kupaka mafuta ya kidonda na kusubiri ni kupoteza muda.

Ukiing'oa, usiache matawi mahali mifugo inafika. Hata yakikauka, sumu haiishi. Mbuzi na kondoo nao wamo hatarini.

Mtamba yule bado yuko ndani. Ameanza kula, lakini hatujasema kapona. Mkopo nao unaendelea kulipwa.

Wewe leo jioni, kabla ya kukamua, zunguka uzio wako.