Gome la Ubongo na Uwezo wa Kusema

Ubongo wa binadamu umefunikwa na tabaka jembamba la rangi ya kijivu, ambalo unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Tabaka hilo huitwa gome la ubongo, kwa kuwa limeuzunguka ubongo kama gome liuzungukavyo mti. Limejaa mikunjo, lau lingekunjuliwa, eneo lake lingefikia kama sentimita za mraba 2,000. Ndani yake zimo seli za neva zipatazo bilioni 16.

Kazi za gome hilo zina mahali pake. Sehemu ya kisogoni hupokea habari zitokazo machoni. Sehemu za ubavuni, karibu na masikio, hupokea sauti. Na ukanda upitao utosini huamrisha misuli. Aidha, upande wa kushoto huongoza viungo vya kulia vya mwili, na upande wa kulia huongoza vya kushoto.

Ushahidi mkubwa kuhusu lugha ulipatikana Ufaransa mwaka 1861. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, alikuwapo mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alijibu karibu kila swali kwa silabi moja tu: "tan". Hata hivyo, mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Alipofariki, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta sehemu iliyoharibika upande wa kushoto, nyuma ya paji la uso. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali iliyo kinyume: wagonjwa waliosema kwa wepesi maneno yasiyo na maana, na ambao hawakuelewa waliyoambiwa. Kwao madhara yalikuwa nyuma zaidi, karibu na sikio la kushoto.

Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa bila kukatwa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya kuupiga picha kwa mashine itumiayo nguvu za sumaku. Ilidhihirika kwamba madhara yalipenya ndani kuliko Broca alivyoweza kuona, na yalikuwa yameharibu pia nyuzi za neva ziunganishazo sehemu za mbele na za nyuma. Kwa hiyo, lugha haikai katika chumba kimoja cha ubongo. Hutegemea sehemu kadhaa pamoja na njia zinazoziunganisha.

Maarifa haya yana manufaa nyumbani. Kwa watu walio wengi lugha huongozwa na upande wa kushoto, ndiyo sababu kiharusi kinachoondoa usemi mara nyingi hupoozesha mkono wa kulia. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kudhaniwa kuwa amerukwa na akili, jamaa zake wakaacha kumshauri hata katika mambo yake mwenyewe. Hali hiyo huitwa afasia. Lililopungua ni lugha; aghalabu mgonjwa huwatambua watu wake na hujua atakalo. Wako hata wawezao kuimba maneno wasiyoweza kuyasema.

Hapana budi mtu anayepotewa na usemi ghafla afikishwe hospitali bila kukawia. Baadaye asemeshwe polepole, kwa sentensi fupi, apewe nafasi ya kujibu hata kwa ishara, na afanyishwe mazoezi ya kusema. Na kwa kuwa shinikizo la damu ni chanzo kikubwa cha kiharusi, yafaa kila mtu mzima apimwe mara kwa mara.